Kuchapa Bila Kutazama

Orodha ya watu waliopunguzwa kazi katika ofisi yetu niliichapa mimi mwenyewe. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa Machakos, mwaka wangu wa kumi na saba kazini, na ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo kila ukifungua redio unaambiwa wafanyakazi wa serikali wamezidi. Mkubwa wetu aliniita baada ya chakula cha mchana, akanipa karatasi tatu alizoziandika kwa mkono, akaniambia nitoe nakala mbili za kaboni na nifunge mlango. Hakusema ni za nini. Hakukuwa na haja.

Mpiga chapa aliyezoea hasomi. Macho yanapita kwenye karatasi, vidole vinafuata, na kichwa kiko mahali pengine kabisa, labda kwenye maharagwe uliyoacha yameloweshwa nyumbani. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya mpaka ukurasa wa pili, ambapo vidole vilisimama vyenyewe. Lilikuwa jina langu. Mkubwa alikuwa amekosea herufi moja katika jina la baba yangu. Nilifikiri kidogo kama niliache lilivyo, kisha nikalirekebisha, kwa sababu barua ikija na jina lililokosewa inaweza kukusumbua huko mbele, benki au wapi. Nikaendelea na jina lililofuata.

Nilipompelekea, alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bwana."

"Asante, mama. Unaweza kwenda nyumbani mapema leo."

Sikwenda mapema. Niliketi mezani pangu hadi saa kumi na moja, nikaifunika mashine kwa kitambaa chake, nikatembea hadi Mumbuni tulikokuwa tunaishi.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache na machozi ya karibu. Nilimwambia siku ya tatu, tukipukuchua mahindi uani. Aliinuka, akaizunguka nyumba, akarudi macho yamekuwa mekundu.

"Na wewe?" akaniuliza. "Wewe hulii?"

"Sijui," nikasema.

Na kweli sikujua. Nilidhani kilio kitakuja na barua. Barua ikaja, jina likiwa sawasawa, na hakikuja. Nikadhani kitakuja siku ya kurudisha funguo. Siku hiyo tulikunywa soda, tukapigwa picha, na mimi kwenye picha natabasamu kama mtu wa arusi. Nilirudi nyumbani nikapika githeri.

Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Nilikuwa naamka saa ileile, naoga, navaa sketi ya ofisini, kisha naketi kitandani kwa sababu safari iliishia hapo. Vidole peke yake ndivyo vilivyokuwa bado kazini. Nikiongea na mtu, vilikuwa vinachapa maneno yake mapajani pangu. Kanisani nilikuwa nachapa mahubiri yote juu ya jalada la Biblia, pamoja na koma na vituo, na nikitoka nje sikumbuki hata neno moja lililohubiriwa.

Mume wangu ndiye aliyeleta habari za klabu ya kompyuta. Mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyekuwa amefundisha hesabu shule za upili, alikuwa ameletewa na marafiki zake wa ng'ambo kompyuta nane zilizokwisha kutumika, na kanisa la jirani lilimpa chumba nyuma ya ukumbi. Mtu yeyote wa mtaani aliruhusiwa kujiunga.

"Nenda," mume wangu akasema. "Hata kama ni kukaa tu."

Nilikwenda kwa sababu kubishana kulihitaji nguvu.

Viatu vilikuwa vinaachwa nje, kwenye benchi. Yule mama aliamini kwamba vumbi huua kompyuta haraka kuliko stima, na mtu akiingia na viatu alimtoa nje hata kama ni mchungaji. Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi mpaka kwenye magoti. Tuliketi wawiliwawili kwa kila mashine. Mimi niliwekwa na mama wa rika langu aliyevaa buibui, mwenye duka la vitambaa mjini. Babu yake alikuwa ametoka Pwani kuja kufanya biashara, na familia ikabaki. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha mume wangu. Aliniambia amekuja kwa sababu kaka zake walisema hataweza.

Siku ya kwanza tulifundishwa mausi. Tuliambiwa tuisogeze juu, nami nikaiinua hewani hadi usawa wa uso. Mwenye duka akanishika mkono.

"Iteremshe, mama. Juu ni huko mbele, sio mbinguni."

Kisha mwalimu akatugawia karatasi yenye aya moja, akasema kila mtu aichape polepole, asiogope. Niliweka mikono kwenye kibodi. Herufi zilikuwa mahali pake palepale, na vidole vikaondoka. Lakini mashine yangu ya zamani, kila mstari ukiisha, ilikuwa inalia kengele nami nasukuma mkono wa chuma kwa mkono wa kushoto ili karatasi irudi. Hapa hapakuwa na mkono wa chuma wala kengele, ila mkono wangu haukujua hivyo. Kila mwisho wa mstari uliruka ukampiga mwenye duka begani. Mara ya nne chumba kizima kilikuwa kinacheka. Niliona kwamba ni jambo la kuchekesha. Niliona tu, kama unavyoona mvua inanyesha mlima wa pili.

Mwalimu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umejifunzia wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Iliisha," nikasema.

Baada ya wiki tatu mwalimu alinipa darasa la kibodi, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Nilikubali, maana kukataa kungetaka maelezo. Nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: mikono inafunikwa kwa kitambaa ili mtu asitazame vidole. Mwenye duka alituletea vipande vilivyobaki dukani kwake, kwa hiyo ukisimama mbele ya darasa ulikuwa unaona mikono ya watu kumi na sita imelala chini ya maua, madoa na mistari ya kila rangi. Stima ikipotea, na ilikuwa inapotea sana, tulitoka nje, tukaketi ukutani, mimi nikitaja herufi na wao wakizipiga mapajani. Wapita njia walisimama kututazama. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya kasi, na mshindi alipewa kipande cha sabuni. Tulichapa kadi za harambee, ratiba za arusi, barua za watu wasiojua kuandika. Siku moja mkulima alitoka Kithyoko na basi la alfajiri ili achapiwe barua ya kulalamikia mpaka wa shamba. Akaketi kando yangu akiitazama ikitokea kwenye skrini, na kila neno lake lilipojitokeza alikuwa anasema, "Ndiyo, ndiyo hivyo."

Watu walinishukuru. Niliwaambia karibu. Nilikuwa mwalimu mzuri, nadhani, kwa sababu sikukasirika kamwe. Hawakujua kwamba hakukuwa na kitu ndani cha kukasirika nacho.

Mwaka wa pili, Alhamisi moja, mkubwa wangu wa zamani alisimama mlangoni.

Alikuwa amevaa suti ileile ya kahawia. Kwanza hakutaka kuvua viatu. Mwalimu akamtazama tu, naye akavua, akavipanga kwenye benchi kisigino kwa kisigino, na akaingia na soksi. Duru iliyofuata ya kupunguza watu ilikuwa imempitia na yeye. Nilikuwa nimesikia, ila sikuwa nimeitia akilini. Aliponiona mbele ya darasa alisita, kisha akanipa mkono.

"Habari ya siku nyingi, mwalimu."

Zamani aliniita mama. Nikamwambia nzuri, karibu, keti.

Mwenye duka nilikuwa nimemsimulia ile habari ya orodha. Alinivuta pembeni.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mpe ile kompyuta ya pembeni inayozimika kila saa."

Nilimpa nzuri, ya katikati. Si kwa wema. Ndiyo iliyokuwa wazi.

Alijifunza kwa taabu. Alikuwa ameishi miaka mingi akiandika kwa mkono na kuwapa watu wengine wachape, na vidole vyake vilikuwa vinene, vinaangukia herufi mbili kwa pamoja. Chini ya kitambaa cha maua ya waridi mikono yake ilikuwa inapapasa ikitafuta herufi. Lakini hakukosa hata siku moja.

Stima ilipotea mchana mmoja katikati ya zoezi. Wengine walitoka kwenda ukutani. Yeye alibaki ameketi, mikono bado iko kwenye kibodi, skrini imekuwa nyeusi. Nilikuwa nakusanya vitambaa.

"Siku ile," akasema, "nilidhani utaniuliza kitu."

"Ningeuliza nini?"

"Sijui. Kwa nini wewe." Akabonyeza herufi moja. "Kulikuwa na wapiga chapa wengine wawili. Ningeweza kumpa mmoja wao ile kazi."

"Mbona hukumpa?"

"Wewe ulikuwa huna makosa. Orodha ilikuwa inaenda Nairobi. Nilitaka itoke safi."

Alisema bila kunitazama, kama mtu anayesoma kumbukumbu za mkutano. Nilikunja kitambaa kimoja, nikakunja cha pili.

"Jina langu ulilikosea," nikasema. "Herufi moja, kwa jina la baba. Niliirekebisha."

Sasa aliniangalia.

"Uliirekebisha?"

"Ndiyo."

"Asi," akasema polepole, ile asi ya Kikamba ambayo mtu huitoa akimwaga maziwa. Akaiondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka magotini. "Orodha yangu mimi sijui ilichapwa na nani," akasema.

Nilisimama pale nikingoja hasira. Nilijua mahali hapo ndipo pake. Nilingoja kwa heshima kabisa, kama unavyomngoja mgeni aliyetuma salamu kwamba yuko njiani, mpaka stima ikarudi na mashine zote nane zikalia kwa pamoja. Aya yake ilikuwa imepotea.

"Bonyeza hapa kila baada ya mistari mitatu," nikamwonyesha, "ili isipotee tena."

Nje, mwenye duka aliniuliza, "Alikuambia nini muda wote huo?"

"Kwamba nilikuwa sina makosa."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia yeye alikuwa nalo moja."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, ila jioni ile nilimsimulia mume wangu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsimulia jambo bila kuulizwa. Alitikisa kichwa, machozi yakamlengalenga, akaniuliza kama nataka chai.

Miezi kadhaa baadaye mkubwa alikuja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Niko na barua ya kuomba kazi," akasema. "Shule moja huko Masii inataka karani. Tafadhali, mwalimu, ungenichapia tu."

"Utaichapa mwenyewe."

"Itanichukua mwezi."

"Nafasi inafungwa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi anza leo."

Ilimchukua wiki mbili. Sikugusa kibodi yake. Nilikuwa napita nyuma, naweka kidole kwenye skrini palipo na kosa, naondoka, naye anahangaika nalo. Ilipotoka kwenye printa aliisoma amesimama, akaisoma tena. Kazi alipata. Alikuja kutuaga na mkate mkubwa na majani ya chai, na safari hii alivua viatu kabla ya kufika mlangoni. Aliniambia neno moja tu, asante, nami nikamwambia karibu. Sikumwona tena.

Klabu haikuishi miaka mingi. Vituo vya mtandao vilianza kufunguliwa mjini, vijana wakaenda huko, na kanisa likahitaji chumba kwa ajili ya shule ya watoto wadogo. Mwalimu hakulalamika. Alipata shule ya upili upande wa Yatta iliyokubali kuzichukua mashine zote, na akatuomba mimi na mwenye duka tuje Jumatatu asubuhi tumsaidie kuzifungasha kabla gari halijafika.

Tulifika mapema, mwalimu akiwa bado hajaja na ufunguo. Tuliketi kwenye benchi ya viatu. Mwenye duka alifungua mkebe wake, akanipa hamri, nikauma huku nikitazama barabara. Kulikuwa na iliki ndani. Nilitafuna polepole. Iliki ilikuwa nyingi, na sukari kidogo, na ukingoni hamri lilikuwa limekauka vizuri.

"Haya umetia iliki," nikasema.

Aligeuka akanitazama.

"Mama, miaka mitatu unakula mahamri yangu kila Alhamisi. Leo ndio unajua yana iliki?"

Nilijaribu kukumbuka hata moja kati ya zile Alhamisi, mkebe, mkono wake ukininyooshea, nisipate. Alinisogezea mkebe. Nikachukua la pili. Mwalimu akaja na ufunguo, tukavua viatu kama kawaida, tukaingia ndani, tukaanza kuchomoa waya.