Bomba la Shaba

Mdogo wangu alikufa kwa ajili ya usafi. Watu wa Mahajanga wakinisikia nasema hivi hunikasirikia, lakini sina namna nyingine ya kulisema. Hakukuwa na dhoruba, hakuwa mlevi, hakuwa mzembe. Alikufa kwa sababu tajiri mmoja hakutaka kuona debe kwenye boti yake. Huyo ndiye wa kwanza wa kulaumiwa. Wapo wengine, nitawafikia.

Mimi nilikuwa fundi wa dizeli. Shule nilikaa miaka miwili tu, na Kiswahili hiki ninachoandika ni cha chuo cha Kurani, cha baba. Kazini tulisema Kimalagasi, na Kikomoro utani ulipoingia. Ufundi niliupata Nosy Be, katika karakana ya kiwanda cha sukari, kwa Mfaransa aliyekuwa akinigonga vidole kwa spana nikikosea. Uhuru ulipokuja yeye akaenda kwao, mimi nikaja Mahajanga na mdogo wangu. Tukapata kazi kwa tajiri mmoja, Mngazija, mwenye boti ya kuvusha watu kwenda Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Mimi nilitengeneza injini, mdogo wangu aliiendesha.

Injini yenyewe ilikuwa na turbo. Ni kigurudumu kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho huishindilia injini hewa kwa nguvu. Mlio wake mtamu, na boti ilivuka ghuba ile nyekundu haraka kuliko nyingine zote. Lakini injini ya namna hii tumbo lake hujaa pumzi. Hewa inayoshindiliwa hupenya kando ya pistoni, ikashuka kwenye oili, na lazima itoke. Ukiiziba, oili inatafuta pa kupasukia. Kwa hiyo kuna bomba la pumzi, na bomba hilo hutema mvuke wenye oili ndani yake.

Sasa, bomba letu lilitemea nyuma ya kibanda cha injini, na hapo ndipo watu walipotandika mkeka. Kila safari ya jioni alasiri iliswaliwa ndani ya boti. Watu wakirudi mjini, kanzu zina madoa meusi magotini.

Mzee mmoja alimjia juu mdogo wangu.

"Oili si najisi, mzee wangu," mdogo wangu akamwambia.

"Sawa, si najisi. Basi njoo unifulie wewe usiyeiogopa."

Watu wakacheka, na mdogo wangu akacheka kuliko wote. Alikuwa hivyo. Ukimtukana anakushika mkono.

Nikatafuta dawa. Nilichukua debe la samli, nikalijaza nyuzi za chuma, nikaingiza pumzi ya injini chini na kuitoa juu, ikaenda kwenye mdomo wa hewa wa turbo, injini ikaivuta tena yenyewe. Oili ilinasa kwenye nyuzi ikabaki ndani ya debe. Chini niliweka bilula. Kila asubuhi mdogo wangu aliifungua na kutoa nusu bilauri ya uchafu mweusi. Mkeka ukawa mkavu, kanzu zikarudi nyeupe. Kwa jambo lile nilijiona mtu.

Kisha tajiri akaahidi kumwoza mdogo wangu binti yake. Sikutegemea. Sisi ni watu wa mikono, yeye ana nyumba ya mawe. Mama yetu alilia kwa furaha wiki nzima, akaanza kushona kofia ya bwana harusi, tundu kwa tundu. Ilipangwa kuwa ndugu wa bibi harusi waliokaa Katsepy wavushwe kwa boti ileile.

Hapo tajiri akaliona debe.

"Fundi, wageni wangu wakae hapa wakitazama debe la samli?"

"Mzee, debe ndilo linalokamata oili."

"Kwako kila kitu ni debe. Ungeoa wewe, ungeleta debe badala ya mahari."

Nikacheka naye. Baba mkwe wa ndugu yako unamjibu nini? Siku ya pili nilipanda meli kwenda Nosy Be, maana boti ya rafiki yangu mmoja ilikuwa imekwama hukohuko, Ambatoloaka. Nilikaa siku kumi.

Niliporudi, debe halipo. Badala yake kulikuwa na bomba la shaba, linang'aa kama birika la nyumba ya harusi. Lilitoka kwenye tumbo la injini, likashuka sakafuni, likajificha chini ya mbao, kisha likapanda moja kwa moja mpaka mdomo wa turbo. Aliyelifunga alikuwa fundi wa mabomba ya maji, mtu mpole, aliyeweka bafu katika nyumba za wakubwa. Kwa kazi ya maji alikuwa bingwa. Kona nzuri kama zile sijaziona tena. Nilimkuta analisugua kwa majivu na limau.

"Kuna ubaya, kaka?" akaniuliza, maana aliona uso wangu.

"Lina bonde hapo chini. Oili italala humo."

"Niliuliza linapita maji au hewa. Nikaambiwa hewa. Na nikaambiwa lisionekane."

Nikamwendea tajiri. Akasema, "Mpaka harusi tu. Ikipita, rudisha debe lako, ulibusu." Nikamwendea mdogo wangu, nikamwambia asiende na injini ile.

"Kaka, siku nne tumekwenda nayo. Imekohoa mara moja tu," akasema. "Nikamkatalie Baba kwa bomba? Wiki ya harusi?"

Alikwisha kumwita Baba.

Basi nikanyamaza. Na sikunyamaza tu. Niliona pale bomba linapoungana na mdomo wa turbo kwa kipande cha mpira, panavuja oili kidogo. Fundi wa maji hakukaza sana hapo. Nikachukua spana nikakaza, nikakaza mpaka pete ya chuma ikazama katika mpira. Nilichukia kuona uvujaji. Mkono wa fundi hauwezi kuacha.

Siku ya kuwaleta wageni nilikwenda nao. Kutoka Katsepy boti ilikuwa imejaa wanawake na mabakuli, wanaimba. Tulipofika katikati ya ghuba wimbi likatupiga ubavuni, boti ikalala upande mmoja, mdogo wangu akaongeza mafuta ili tuinuke. Nikasikia injini inapandisha sauti. Ikapanda, ikapanda, ikapita pale pa kukoma. Moshi mweupe ukafunika watu. Nilijua kabla sijafika mlangoni: oili ya siku zote zile imenyanyuka kutoka bondeni, injini inakunywa oili yake mwenyewe. Na dizeli haichagui, ikipata oili inaichoma kama mafuta.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufunga mafuta. Injini haikusikia. Alishika bomba la shaba kwa mikono miwili alivute litoke. Halikutoka. Alinitazama. Hakujua ni mimi niliyelikaza, alinitazama kwa sababu mimi ndiye kaka yake na ndiye fundi.

Nikampigia kelele, "Ziba mdomo wa hewa! Gunia! Ziba kwa gunia!"

Ndivyo inavyofanywa. Ukiinyima hewa inakufa. Mfaransa alinifundisha hivyo, ila alinifundisha pia kwamba unasimama mbali, kando, na hilo sikulisema. Mdogo wangu alikumbatia turbo na gunia, kifua chake kwenye injini. Mlio ukaanza kushuka. Nilidhani tumepona. Ndipo mkono wa pistoni ulipokatika ukatoboa ubavu wa injini.

Mimi niliungua bega na sikio la kushoto likafa. Yeye hakufika ufukweni hai. Wanawake walimfunika kwa leso zao za harusi, maana hapakuwa na nguo nyingine.

Siku ya hitima nyumba ya tajiri ilijaa watu. Mama alikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, namsikia pumzi yake. Baada ya dua tajiri akasema, kwa sauti ya huzuni, na huzuni ilikuwa ya kweli, hilo siwezi kumnyima:

"Ni amri ya Mungu. Lakini bomba lilifungwa vibaya. Fundi wa maji ametuulia mtoto wetu. Sivyo, fundi?"

Watu wote wakanigeukia. Fundi wa maji alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuja kusoma hitima kama wengine. Naye alinitazama. Alijua ninalijua lile bonde, na alijua nani aliagiza. La spana hakulijua mtu.

Nikaitikia kwa kichwa.

Nyuma ya pazia mama akaanza kumlaani. Yule mtu akainuka. Akatoka barazani, akainama kutafuta viatu vyake katika rundo la viatu vya watu wote. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia. Mimi pale nilipokaa nilikuwa naviona vilipo.