Mashua ya mkono wa kulia

Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku wa Kaliua aliyekuja Tabora mjini kwa matibabu, aliomba dukani boksi la vipande vya kuunganisha mashua ndogo ya mfano. Mkono wake wa kulia, uliopigwa na kiharusi, ulilala juu ya kaunta kama wa mtu mwingine.

"Hospitali wanataka vidole vifanye kazi," alisema.

Mwenye duka alifuta vumbi kwenye boksi dogo. "Anza na hili, mzee. Halina kamba za kufunga."

"Nipe lenye kamba."

Nyuma yangu kwenye foleni mteja mmoja akanong'ona, "Itaelea wapi, huku kwetu bara?"

Baada ya miezi kadhaa nilimkuta mzee palepale, ameileta mashua imekamilika, tanga limekaa upande. Mwenye duka akailinganisha na picha ya boksi.

"Mafundo haya siyo ya kwenye picha."

"Ya kwenye picha yalinishinda. Hayo ni ya kufungia majani ya tumbaku kwenye fito. Mkono uliyakumbuka wenyewe."

Itaelea wapi, mimi pia sijui. Niliona tu kwamba alitoka ameibeba kwa mkono wa kulia.