Behewa la Kokoto

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, kaka yangu alifia Riyadh, ndani ya kibanda cha lango alilokuwa akililinda. Mimi nilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, nikipiga pasi mashuka katika nyumba niliyofanyia kazi za ndani. Niliomba ruhusa nikamwone kabla hajasafirishwa nyumbani. Madam alisema ana wageni, na kwamba aliyekufa hanihitaji tena. Maneno hayo sijayasamehe, wala sijaribu.

Kilichobaki kilikuwa behewa. Kaka alilitengeneza kwa mikebe ya maziwa ya unga, dogo la kuenea kiganjani, mfano wa yale mabehewa ya zamani ya Waingereza ya kumwaga kokoto relini. Baba yetu alizeekea kwenye gengi la vibarua wa reli, akifungua milango ya chini ya mabehewa hayo kwa mkono. Kaka alitaka kumpelekea. Alipomaliza kulipaka rangi, akaanza kulichafua kwa kutu aliyoikwangua kwenye misumari, masizi na oili ya gari. Nilimwuliza kwa simu mbona anaharibu kitu kizuri.

“Likiwa safi mzee atasema ni la dukani,” akanijibu. “Atanicheka.”

Uchafu ule ulimchukua muda mrefu kuliko behewa lenyewe.

Mwenzake wa chumbani, Mkenya kama sisi, aliniletea vitu vya kaka siku alipomwendesha bosi wake kuja Jeddah. Tulisimama getini. Nguo zote zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa, maana kwetu nguo za marehemu hazikabidhiwi chafu. Nilikuwa karibu kumshukuru. Kisha akafungua taulo na kutoa behewa. Liling'aa kama kijiko.

“Hili nalo lilikuwa na uchafu, dada, wacha tu. Nimelisugua na waya wa sufuria mpaka mkono ukauma.”

Nilimweleza uchafu ule ulikuwa nini. Akasema anaweza kununua rangi alirudishe lilivyokuwa. Hasira yote ya madam, na ya kafili wa Riyadh, mwajiri aliyemdhamini kaka, ambaye hata simu hakunipigia, ilimwangukia yeye, mtu pekee aliyetutendea wema.

“Usiliguse,” nikamwambia. “Mkono wake ulikuwa kwenye huo uchafu. Umeuosha.”

Akasema pole. Akaomba maji ya kunywa, jua lilikuwa kali. Nilichukua mfuko na behewa, nikaingia ndani na kufunga geti. Maji sikumletea.