Shamba Lililoitwa Mzinga wa Nyuki

Kiongozi wa chama chetu cha kulima alikuwa mpagazi wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Alirudi na goti bovu, pamoja na jambo moja alilolipenda mno: mahali patakaposhambuliwa hapatajwi kwa jina lake. Basi kila shamba alilipa jina la siri, nasi vijana tukaliendea na majembe kama tunavamia ngome. Nilimwona mtu wa vituko, lakini amri zake nilizitii mbio.

Mwaka mmoja mvua zilianza mama akiwa ameungua mkono wa kulia kwa uji wa moto. Baba alikuwa ameshafariki. Mtama usingepandwa juma lile, tungelala njaa hadi msimu mwingine. Majirani walipojitolea kutulimia, mama aliwafukuza.

"Sijawa ombaomba," alisema, na mama akisema hivyo hata mbwa walitoka uani.

Kiongozi akaniita. "Kesho tunapiga Mzinga wa Nyuki. Kazi yako ni kumwondoa nyuki mkubwa."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilicheka, kisha nikaogopa, kwa sababu sikuwahi kumdanganya mama.

Alfajiri nilimwambia kwamba dawa ya kuungua hutolewa siku hiyo tu kwenye misheni ya Ushirombo. Alinung'unika njia nzima. Mkono ulifungwa bandeji safi, tukarudi jioni.

Shamba lote lilikuwa limelimwa na kupandwa. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, hata pombe ya shukrani hawakuingoja. Mama alisimama ukingoni, na mimi nikajiandaa kutukanwa.

"Wameliitaje shamba langu?" aliuliza. Kumbe mambo yetu ya siri aliyajua siku nyingi.

Nilimwambia huku nikitazama miguu yangu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa bandeji mpya, na machozi ya kicheko yalipokwisha yakaja mengine. Sijui kama nimewahi kufurahi kuliko jioni ile.

Mkono ulipopona, alikwenda kwa kiongozi, jembe begani. Bwana yule alirudi nyuma hatua moja.

"Kesho mnapiga wapi?" mama aliuliza.

"Chungu Kilichotoboka, Mayu," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwetu.

Mama hakuuliza ni shamba la nani. Aliuliza tu tunaondoka saa ngapi.