Kitenzi cha Mzee Wilfred

Hadiya alikwisha kuchoshwa na kile kitenzi. Kila asubuhi, katika nyumba ya wazee ya Carrollton, Marekani, anakofanya kazi, kabla hata hajakamua taulo, Mzee Wilfred alianza: *thole*. Miaka arubaini amesomesha Kiingereza, na sasa mwanafunzi aliyembakia ni mwanamke wa Malindi anayemwosha mgongo. Maana yake, alisema, ni kustahimili maumivu bila kulalamika. Lilikuwa neno la Waingereza wa kale, kabla Kifaransa hakijawaingilia. Siku hizi limesalia zaidi kwa watu wa Scotland.

"Sawa, mzee," Hadiya alimjibu. "Inua mkono."

Kustahimili afundishwe yeye? Bega lake la kulia lilikuwa likimuuma wiki ya tatu hiyo, kwa kugeuzageuza watu wazima vitandani. Hakumwambia mtu, kwa kuogopa kuachishwa kazi. Nyaboke, nesi msimamizi, kila siku alimpitia akamwuliza, "Mama Lubna, hujambo?" Naye alijibu, "Sijambo," kama alivyolelewa: salamu hurudishwa kwanza, hata kama nyumba inaungua.

Jumanne, akimhamishia mzee kwenye kiti cha magurudumu, bega likamkatalia. Mzee akamponyoka, nyonga ikagonga ukingo wa kitanda, akaishia sakafuni. Nyaboke akaja mbio.

"Unaumia wapi?" alimwuliza mzee kwa Kiingereza.

"Mimi mzima kabisa," mzee alisema, na uso umemparama.

Hapo hasira zote za miezi sita ya kile kitenzi zikampanda Hadiya. Kumbe alikuwa akisomeshwa ujinga huu.

"Hapana," alisema. "Leo hakuna mtu wa ku-thole hapa. Sema unaumia wapi."

Mzee alimtazama, kisha akagusa nyonga. "Hapa. Vibaya sana." Akavuta pumzi. "Na wewe je? Huo mkono una nini?"

Sijambo ilikwisha kufika mdomoni. Hadiya akaimeza, na machozi yakamtoka.

"Bega," alisema. "Wiki ya tatu sasa. Siwezi hata kufunga mtandio."

Nyaboke aliinua kichwa. "Wiki tatu, Mama Lubna? Na mimi kila siku nakuuliza, unaniambia uko sawa. Si unge-report tu?"

"Wewe ulinisalimia, mwanangu," alisema Hadiya. "Aliyeniuliza ni huyu."