Fidla ya Baba na Mtani Wangu Muuza Maharage

Binti yangu alipochumbiwa aliniomba kitu kimoja tu: aingie ukumbini kwa fidla ya babu yake, siyo kwa spika za kukodi. Marehemu baba alipiga fidla katika kikundi cha taarabu hapa Lindi, na alipofariki fidla ikaja kwangu, nikaitundika ukutani juu ya cherehani. Mimi ni fundi nguo. Sijawahi kupiga hata filimbi. Lakini mtoto aliomba huku amenishika mkono, nikajikuta nimeshakubali. Ilibaki miezi minane kabla ya harusi.

Mwalimu wangu alikuwa simu. Niliiegemeza kwenye boksi la nyuzi za kushonea, nikawa nafuata vidole vya mzee wa kwenye video, kila siku baada ya swala ya alasiri, pale barazani ninaposhonea. Siku ya kwanza alitokea mama mmoja na gauni la kupunguza. Alisikiliza kidogo, akaniambia kwa upole, "Fundi, cherehani yako imekauka mafuta." Sikuwa na moyo wa kumweleza. Nilichukua kopo, nikaitia cherehani mafuta mbele yake, akaridhika.

Mke wangu alihamishia jiko uani. Alisema moshi unamsumbua. Jiko letu ni la gesi.

Hayo niliyamudu. Aliyeniweza ni mjomba wangu, aliyekuja kutoka Milola kutusalimia. Alikaa, akasikiliza wimbo mzima mikono ikiwa magotini, kisha akasema, "Mpwa wangu, Mwenyezi Mungu amekupa mkasi. Mshukuru kwa mkasi." Aliyasema kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniumiza. Niliirudisha fidla ukutani, ikakaa wiki mbili.

Aliyenifanya niitungue tena ni jirani yangu, muuza maharage wa mlango wa pili. Huyu alihamia hapa kutoka Songea, kwa hiyo ni Mngoni, na mimi ni Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani anaweza kukutukana kutwa nzima, hata ukiwa msibani, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe, maana maneno ya mtani hayachukuliwi kuwa kweli. Tangu siku ya kwanza alikuwa akinitolea maneno. "Fundi, kama unachinja, chinja upesi, mnyama anateseka." Siku nyingine: "Baba yako akiisikia hiyo atafufuka, aje akunyang'anye."

Sasa, baada ya zile wiki mbili za kimya, alisimama mbele ya baraza langu akasema, "Fundi, siku hizi napumzika vizuri mchana. Ahsante sana."

Nilicheka mpaka machozi. Wengine wote walinionea huruma, huyu peke yake alinichokoza nirudi. Ndivyo nilivyoelewa. Alasiri ile ile nikaanza upya, na kiti nikakisogeza upande wa duka lake ili asikose kitu.

Wala sikumwacha bure. Nilimwambia Wangoni walikuja huku na mikuki, fidla wataijulia wapi. Nilipita dukani kwake nikachota bakuli la maharage bila kuomba, kama ilivyo haki ya mtani. Aliniangalia tu nikiondoka nalo. Nikajua nimemshinda.

Zilipobaki siku nne, nilimfuata kumpa kazi yake ya harusini. "Mtani, wewe utasimama mlangoni mwa ukumbi, umzuie bibi harusi mpaka wakupe chochote."

"Mtani wa nani?" akauliza.

"Wangu. Si wewe Mngoni?"

"Mimi Mmatengo, wa Mbinga. Sisi na Wamwera hatuna utani. Nilidhani watu wa huku kila mtu mnamwita mtani."

Nilikaa juu ya gunia. "Kwa hiyo yale maneno yote..."

"Nilikuwa nasema kweli."

"Hata la baba kufufuka?"

Akafikiri. "Hilo nilizidisha kidogo. Na maharage yangu nilikuachia kwa sababu nilidhani kichwa chako hakiko sawa."

Miezi minane ya maneno ilinirudia yote kwa mara moja. Niliona aibu hadi masikioni. Nikamwona binti yangu anaingia ukumbini, watu wameziba mdomo kwa mitandio, na jina la baba yangu linachekwa kwa ajili yangu. Nilitaka nikakodi spika siku ile ile. Kisha nikafikiri jambo moja: katika mtaa mzima, huyu ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kunidanganya. Nikaenda kuichukua fidla, nikampigia pale pale katikati ya magunia.

Alisikiliza hadi mwisho. "Mwanzo uko sawa," akasema. "Mwisho uko sawa. Pale katikati bado unachinja."

Sijawahi kusifiwa hivyo maishani mwangu. Nilirudi nyumbani nikaukata wimbo katikati, nikaunganisha mwanzo na mwisho kama ninavyopunguza suruali.

Siku ya harusi nilipiga. Kwa kuwa wimbo ulikuwa mfupi, uliisha binti yangu akiwa hajafika hata nusu ya ukumbi. Akasimama na shela lake, akanitazama, akasubiri. Nikaanza tena mwanzo, akatembea tena. Alipofika mbele alikuwa analia, nami nilikuwa nalia, na mke wangu, aliyehamisha jiko, alikuwa anawaambia watu kwamba huo ni mtindo wa zamani.

Baadaye muuza maharage alinifuata nilipokuwa nafunga fidla, akanipa mkono.

"Mtani," akasema, "umepiga vizuri sana."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Niliushika ule mkono muda mrefu, nikimtazama usoni, maana tangu siku hiyo sina tena mtu wa kuniambia kweli.