Bia Yenye Harufu ya Blanketi la Farasi

Jumamosi moja shemeji yangu alitualika kwake Apple Valley, huku ughaibuni, tuonje bia za kiwanda kidogo cha Ubelgiji. Alitugawia fomu za kutoa alama, kana kwamba sikuwa nimejaza fomu za kutosha kazini hospitalini wiki nzima. Kila mmoja akamiminiwa bia isiyozidi kipimo cha dawa ya kikohozi. Shemeji akanusa, akafumba macho, akatangaza, "Hii inanukia blanketi la farasi. Tisa kwa kumi!"

Mama, aliyekuwa ametutembelea kutoka Kenya, alimtazama mkwewe kwa huruma.

"Pole, baba. Pombe yangu ya busaa ikinuka hivyo nilikuwa naimwaga."

Nami nilionja, uso ukakunjamana wenyewe. Lakini nyama aliyotuahidi ilikuwa bado jikoni kwake, kwa hiyo niliandika kumi.